Hapa niko na Twiga

Ukienda kumtembelea mtu Mbeya, hasa mtu wa umri wa mama yangu, utaketishwa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, utaulizwa habari za huko utokako mpaka ziishe, kisha wakati chai inachemka utakabidhiwa albamu. Hata kama humjui mtu yeyote mle ndani. Ni njia ya kumshughulisha mgeni, lakini mwenyeji naye anajieleza: anataka umjue kabla hajamimina chai. Na hakuna anayeanza na "huyu ni mimi". Wote wanaanza na "hapa niko na". Hapa niko na mwenzangu tuliyesoma naye Loleza. Hapa niko na jirani yetu wa Sokomatola, siku hizi kahamia Tunduma. Hapa tuko kwaya, na huyu aliyesimama nyuma yangu ndiye aliyenifundisha kuimba sauti ya pili. Ukifika ukurasa wa mwisho umeshapata habari za watu chungu nzima, na mwenyeji wako umemjua kwa kuwapitia wao.

Picha ya mtu akiwa peke yake huwa ipo, lakini ndogo, imechomekwa kwenye kona ya ukurasa. Ni ile ya pasipoti iliyobaki baada ya nyingine kwenda na fomu. Masikio yote mawili yanaonekana, macho yametazama mbele, nyuma kuna kitambaa cha bluu. Hiyo hakuna anayeisimulia. Mama yangu huipitisha haraka: "Hii achana nayo, ilikuwa ya kitambulisho." Picha inayomtambulisha kwa serikali ndiyo anayoona haya kumwonyesha mgeni.

Nimeziangalia sana albamu hizi, yake na yangu, na kadiri ninavyoziangalia ndivyo ninavyoshindwa kukubaliana na wanaosema mtu anajijua mwenyewe kwanza ndipo anachagua wa kuambatana nao. Mimi naona ni kinyume chake, na ushahidi ninao kwenye bahasha za picha.

Miaka ya tisini studio za mjini zilikuwa na mapazia ya kuchora: ndege imetua, maporomoko ya maji, ghorofa lenye minazi pembeni. Minazi, Mbeya, kwenye baridi ile! Wasichana wawili wanaoshibana walishona sare, wakapanda daladala mpaka mjini, wakasimama mbele ya minazi, mmoja kaegemeza kiwiko kwenye bega la mwenzake. Waliagiza nakala mbili. Kabla ya kugawana, kila mmoja alimwandikia mwenzake nyuma kwa kalamu ya wino: pokea picha hii iwe ukumbusho, ukiiona unikumbuke. Kwa hiyo picha uliyorudi nayo nyumbani ilikuwa na sura yako mbele na mwandiko wa mwenzako nyuma. Nilizipenda zaidi kwa nyuma. Sura zote zilikuwa zimekakamaa kwa kuogopa flashi, lakini mwandiko ulikuwa wa mtu kabisa, na vimaua vyake juu ya herufi "i".

Mambo hayo hayakuwa ya kwetu tu. Malick Sidibé, mpiga picha wa Mali aliyefariki mwaka 2016, alipata jina duniani kwa picha za vijana wa Bamako wa miaka ya 1960. Vijana wale walikuwa na vilabu vyao vyenye majina, na walimwalika kwenye dansi zao za mwisho wa wiki. Akitoka huko alisafisha picha usiku uleule, akabandika vipicha vidogo studioni ili waje kuchagua za kuchapishiwa. Napenda kuuwaza ule umati uliojazana mbele ya vipicha. Kila mtu anajitafuta, lakini hayuko peke yake pale, na aliye ubavuni mwake ndiye anayemwambia: chukua hii, hapa ndipo umetoka wewe.

Kwenye kundi letu mwenye kamera alikuwa Twiga. Jina tulimpa sisi, kwa urefu, na alilipokea. Kamera ilikuwa ya mjomba wake aliyefanya kazi TAZARA, pale Iyunga. Ilikuwa ndogo, nyeusi, ya mkanda, yenye kifuniko cha kusukuma na tarehe ya rangi ya chungwa inayojichapa kwenye kona. Hakuna aliyejua kuirekebisha hiyo tarehe. Kila betri zilipobadilishwa ilirudi mwanzo, kwa hiyo kwa mujibu wa picha ujana wetu wote ulitokea Januari 1987, wakati wengine wetu tulikuwa bado tunabebwa mgongoni.

Mkanda ulikuwa na picha 36. Ulinunuliwa kwa fedha, ukasafishwa kwa fedha, ukachapishwa kwa fedha, na ukifungua kamera kabla ya wakati unaungua. Huwezi kubonyeza ovyo. Twiga alikuwa bahili wa mkanda kuliko mtu yeyote niliyemjua, na ubahili wake ulimfanya awe mtu wa kungoja. Kila mmoja wetu alikuwa na kitu chake ambacho Twiga alikingoja, ingawa hakuwahi kukitaja. Kwa Sista, mtoto wa mzee wa kanisa wa Moraviani, msichana aliyeimba kwaya tangu hajaota meno ya ukubwani, alingoja ainue kidevu. Kwangu alingoja nicheke.

Nina kicheko kikubwa. Utotoni kilikuwa kinatoka mara chache, lakini kikitoka nyumba ya tatu wanasikia, na bibi alikuwa akiniambia nifunike mdomo, mtoto wa kike hafunguki hivyo. Twiga ndiye wa kwanza kukiona kuwa kitu cha kusubiriwa. Aliniita Kengele. Alikuwa anaiweka kamera usoni, anainyamazisha miguu yake, habonyezi. Kimya. Mimi najikaza, naangalia viatu, nauma shavu kwa ndani, mpaka nashindwa, na hapo ndipo kinasikika kile kidude: klik. Picha zangu zote za miaka ile macho yamefumba, mdomo wazi, fizi zote nje. Nyingine nusu ya kichwa haipo kwa sababu kicheko kiliniinamisha nje ya fremu.

Baadaye ikawa naanza kucheka nikiona tu mkono wake unaingia kwenye pochi. Halafu ikawa nacheka nikimwona yeye, hata kama kamera kaiacha nyumbani. Halafu ikawa naingia popote walipo watu nikiwa nimeshaanza. Tulipomaliza kidato cha nne, ungemuuliza mtu yeyote wa mtaani kwetu Soweto habari zangu, angekuambia: yule mchekaji? Na mimi mwenyewe ningekuambia hivyohivyo. Nilikuwa nimejifunza kwenye picha.

Husemwa ndege wa rangi moja huruka pamoja. Albamu ya Twiga inabisha. Nimewahi kuzipanga picha zake kwa mfuatano, kwa kutumia urefu wa nywele na hali ya viatu maana tarehe haziaminiki, na zile za mwanzo tumesimama kama abiria waliokutana stendi. Sista kabana magoti, mikono mbele. Mimi naangalia pembeni. Twiga, mara moja moja kamera ikishikwa na mwingine, kajikunja afupike. Kadiri zinavyokwenda mikono inaanza kuzunguka mabega. Kisha unatokea mkao mmoja ambao nimeufuatilia: mkono kiunoni, uzito wote kwenye mguu wa kushoto, goti la kulia limelegezwa kidogo. Asili yake ni Sista, ambaye aliuiga kwa dada yake mkubwa. Kwenye picha za safari ya shule kwenda Daraja la Mungu, kule Kiwira, ni yeye peke yake aliyekaa hivyo. Kwenye picha za mahafali tuko watatu, na viuno vitatu vimekwenda upande mmoja.

Juzijuzi nilitumiwa picha za harusi ya mtu, nikajiona nyuma kabisa, sikujua napigwa. Mkono kiunoni, mguu wa kushoto. Sista yuko Sumbawanga, tumeishia kusalimiana sikukuu kwa ujumbe, na mimi bado nasimama kwa kiuno chake. Kwetu sisi kuruka kulitangulia, rangi ikafuata.

Babu yangu mzaa mama, Mnyakyusa wa Rungwe, asingeona cha ajabu hapo. Zamani kwao mvulana akifika miaka kumi, kumi na moja, alihama kwa baba yake. Hakwenda mbali. Yeye na wa rika lake walijenga vibanda vyao pembeni ya kijiji cha wazazi, wakalala huko. Kula walirudi kwa mama zao, lakini walikwenda kundi zima, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Wakikua walioa wakiwa hapohapo, kijiji kikakua nao, na mtu akawa mzee akiwa amezungukwa na rika lake badala ya ndugu wa baba mmoja. Monica Wilson na mumewe Godfrey, wanaanthropolojia waliofanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930, waliviandika sana vijiji hivi vya marika. Kilichowavutia ni uzito ambao wenyeji waliupa mazungumzo ya wenzi: adabu na busara mtu alitarajiwa kuzipata kwa kukaa na wenzake, akiongea nao, akila nao. Kwa ninavyoelewa mimi, wazazi walikuwa wanakubali wazi kwamba kuna sehemu ya mtoto wao ambayo wao hawawezi kuimaliza.

Ila niseme na hili, kwa sababu wazee wakisimulia habari za marika huwa wanalipita: wasichana hawakuwa na vijiji vyao. Waliposwa mapema, mara nyingi na wanaume waliowazidi umri kwa mbali, wakaenda kuishi kwenye kijiji cha rika la mume. Bibi, huyohuyo wa funika mdomo, hakuwa na picha hata moja na rafiki wa usichana wake, na tatizo halikuwa kamera peke yake. Nina picha ya wasichana watatu wamekaa kwenye ukuta mfupi pale Kabwe, wanakula mahindi ya kuchoma, miguu inaning'inia, jioni, hakuna mtu mzima aliye karibu. Bibi aliwahi kuishika picha hiyo muda mrefu. Akauliza, "Hapo mlikuwa mnafanya nini?" Nikamwambia hatukuwa tunafanya kitu. "Mama yenu alijua?" Alijua. Akairudisha bila neno.

Sasa nirudi kwenye Daraja la Mungu, kwa sababu pale kuna jambo la kiufundi lililonisumbua kwa miaka. Katika picha za safari ile mimi ni mweusi tii, meno tu yanaelea. Katika picha niliyopigwa mlangoni kwetu, mbele ya korido yenye giza, ni maji ya kunde, karibu nipauke. Mkanda ni uleule. Nilidhani ni jua, mpaka fundi mmoja wa studio aliponieleza kwamba mashine ya kuchapisha haimjui mtu. Inaichukua picha nzima, inatafuta wastani wa mwanga wake, inaulazimisha ukae kwenye kijivu cha katikati. Kule Kiwira nyuma yetu kulikuwa na anga jeupe la mawingu, na Sista, ambaye ni mweupe kwa kuzaliwa, alivaa blauzi nyeupe. Mashine ikaona weupe umezidi, ikaitia giza picha yote, wa kuzama nikawa mimi. Pale mlangoni niko peke yangu na giza nyuma. Ikaona weusi umezidi, ikaongeza mwanga, nikapauka.

Kwa maneno mengine, rangi yangu kwenye albamu iliamuliwa na aliyesimama ubavuni mwangu. Ningekuwa nimeitunga hadithi hii mngesema naichonga.

Habari ya filamu na ngozi nyeusi ni ndefu na haipendezi. Kwa miongo mingi maabara zilipima usahihi wa rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu; za Kodak ziliitwa kadi za Shirley. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameandika kwamba sehemu ya msukumo wa kuboresha filamu ili rangi za kahawia zionekane vizuri ilitokana na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Chokoleti na makabati yalisikilizwa. Sisi tuliendelea kuelea meno.

Twiga hakuwa na habari ya wastani wa mwanga, wala ya Shirley. Alikuwa na macho tu. Baada ya kuziona picha za Kiwira alianza kutupanga upya bila kutoa maelezo. Sista anawekwa nyuma kidogo, kwenye kivuli. Mimi nasogezwa upande wa dirisha. Anga halitiwi tena nyuma ya mtu. "Kengele, sogea huku," alikuwa anasema, "hapo unapotea." Ukiziangalia picha za mwaka uliofuata utaona nimeanza kuwa na mashavu, nyusi, kivuli chini ya pua. Nilizaliwa navyo vyote, lakini kwenye karatasi nilivipata kwa Twiga.

Na bado kuna suala la kioo. Mwaka 1977 wanasaikolojia watatu Marekani, Mita, Dermer na Knight, walichukua picha za wanafunzi wa kike, wakachapisha kila moja kwa namna mbili: kama ilivyo, na iliyogeuzwa kushoto kulia kama mtu anavyojiona kwenye kioo. Wenye sura zao walielekea kuipenda ile ya kioo. Rafiki zao walielekea kuipenda ile isiyogeuzwa. Maelezo yao yalikuwa mazoea: kila mtu anapenda sura aliyozoea kuiona. Mimi nina kovu kwenye nyusi ya kushoto, la kuanguka utotoni. Mtu ninayemsalimia kila asubuhi nikipiga mswaki analo kulia. Huyo wa kulia hakuna binadamu mwingine anayemjua. Anayepita Mwanjelwa akinunua viazi ni wa kushoto, na wanaomjua vizuri ni wao.

Selfi haijasaidia. Mkono una urefu wake. Madaktari waliochapisha hesabu zao Marekani mwaka 2018 walionyesha kwamba ukijipiga kutoka sentimita 30 hivi, pua inatoka pana zaidi kwa takriban asilimia 30 kuliko ukipigwa kutoka mita moja na nusu. Watu wanakwenda kwa daktari wa upasuaji kulalamikia pua ambayo hawana. Mita moja na nusu, ukiipima, ni mtu aliyekaa upande wa pili wa meza.

Nilipohamia Iringa kikazi nilikwenda na kicheko changu. Ofisini kilipokelewa vizuri, na haikuchukua muda nikawa ndiye wa kuitwa kikao kikipooza. Jioni nilikuwa narudi nimechoka mashavu. Sisemi kimzaha, mashavu yenyewe yalikuwa yanauma. Ndipo nikapata rafiki ninayemwita Dada, kwa sababu amenizidi na kwa sababu ndivyo anavyotaka. Ni muuguzi, anakaa Kihesa, na akifungua mlango anakwambia "kamwene" hata kama wewe si Mhehe, kisha anakuonyesha stuli na kurudi kwenye alichokuwa anafanya. Hakuburudishi. Mwanzoni nilidhani hanipendi.

Dada anapiga picha kwa simu, na hakuambii. Hakuna "tazama huku", hakuna moja mbili tatu. Picha ya kwanza aliyonitumia nilidhani kakosea namba. Mwanamke kakaa kwenye stuli, sweta kalivuta mpaka vidoleni, ungo wa maharage uko mapajani. Mdomo umefungwa. Jiwe moja dogo kalishika kati ya vidole viwili, analitazama kabla ya kulitupa, na uso wake una umri wake wote, hakuna mwaka uliofichwa. Kovu liko kushoto.

Nilimuuliza kwa nini hakungoja nicheke.

"Kwani huwa unacheka?" akaniuliza. Alikuwa anauliza kweli.

Nikamtumia mama picha ile. Badala ya kujibu ujumbe akapiga simu. "Mwanangu, unaumwa?" Siumwi. "Mbona umenyamaza hivyo?" Nikamwambia nilikuwa nachagua maharage, mama, maharage hayachekeshi. Akakaa kimya, nikasikia redio yake nyuma. Kisha akasema, "Ulikuwa hivi ulipokuwa mdogo. Kabla ya akina Twiga."

Hapo mtu mwepesi wa kuhitimisha angesema basi, Dada kaupata ukweli, Twiga alinivika kinyago. Nimelifikiria hilo na silikubali. Kicheko kile hakikuwa cha kuigiza. Twiga akinipigia simu leo, hata kwa jambo la huzuni, dakika haziishi nyingi kabla hakijatoka, na kinatokea mahali palepale kilipotokea zamani. Uongo ulikuwa ule wa ofisini, wa kukichukua kitu cha Twiga na kukigawa kwa watu ambao hawakukingoja. Kwa Dada nimetulia, na utulivu ule siwezi kuupeleka Mbeya hata nikijaribu. Nikishuka tu stendi ya Nanenane unayeyuka. Kwa hiyo anayeniuliza mimi ni nani, nitamuuliza kwanza: nikiwa na nani?

Hili lina gharama yake. Rafiki akiondoka anaondoka na kipande. Kwenye albamu ya mama kuna picha imekatwa kwa mkasi. Aliyekatwa alikuwa rafiki yake mkubwa wa miaka ya themanini, wakagombana kwa fedha za upatu, na hawakupatana mpaka yule mama akahama mji. Mkasi umefuata mwili vizuri, kiunoni, kwenye mkono, ila umeshindwa begani. Vidole vya yule mama vimebaki juu ya bega la mama yangu, na pete inaonekana. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiviondoe navyo. "Ningejikata mimi," akasema, na kugeuza ukurasa.

Siku hizi tunakata kwa kidole kwenye kioo cha simu, na hakuna vidole vinavyobaki. Programu inajaza pengo kwa ukuta au majani, utadhani ulikuja sherehe peke yako. Sijaamua kama hiyo ni nafuu. Na kuna ile ya stetasi za siku ya kuzaliwa, ambapo mtu kati ya picha zote mlizopiga pamoja anachagua ile aliyotoka vizuri yeye, wewe umefumba macho na kijiko mdomoni, kisha anaandika "nakupenda sana mdogo wangu". Huyo mwangalie.

Mwaka jana Twiga alikuja Iringa kwenye msiba wa upande wa mumewe, akapitia kwangu, nikaona niwakutanishe. Nilikuwa na wasiwasi ambao siwezi kuueleza vizuri. Ningekuwa yupi? Jioni tulipanda Gangilonga, lile jiwe ambalo kila mwenye simu Iringa ameshapigwa picha juu yake, mji wote uko chini unawasha taa. Upepo ulikuwa mkali. Dada, kama kawaida yake, akanipiga wakati naangalia chini nikitafuta paa la ofisi yetu. Twiga akainyakua simu, akaitazama, akaivuta picha kwa vidole.

"Huyu mmemfanya nini mtu wetu?"

"Tumemwacha akae," Dada akamjibu.

Twiga akanielekezea simu, akanyamaza, akangoja. Unajua kilichotokea. Akamwonyesha Dada: "Huyu ndiye." Dada akaitazama sana ile picha ya fizi, akasema hamjui huyo, lakini anaonekana mtu wa watu. Wakabishana juu yangu muda mrefu tu, kwa adabu zote, shemeji hivi, dada vile, mimi nimesimama katikati yao na hakuna aliyefikiria kuniuliza maoni.

Usiku, baada ya kula, Twiga akaomba kuziona picha zake kwenye simu yangu. Nikaanza kumfungulia, na zilipofuatana ndipo nami nikaziona. Miaka yote Twiga alikuwa nyuma ya kamera, na ukimgeuzia anainua mkono. Kwangu ukawa mchezo wetu: namnyemelea, anainua mkono, tunacheka, nabonyeza. Twiga jikoni, kiganja. Twiga kwenye sendoff ya mdogo wake, kiganja na nusu ya hereni. Twiga kambeba mwanawe mchanga, mtoto anaonekana vizuri, juu yake kiganja. Hakuna mtu mwingine mwenye picha zake nyingi kama mimi.

"Binti yangu aliagizwa shuleni apeleke picha ya familia," akasema. "Tulitafuta nyumba nzima. Baba yupo, bibi yupo, mpaka mbwa yupo." Akaendelea kupekua. "Sina sura, Kengele. Nina mkono."

Nikamwambia likizo nakuja. Basi la Iringa linapita Uyole kabla ya kuingia mjini, nitashukia mlangoni kwake na kamera nzuri ya kuazima, tutafute mwanga, nimpige vizuri, asiwe na haraka. Akafikiria kidogo.

"Njoo," akasema. "Lakini uje na Dada. Anipige yeye. Wewe utanichekesha tu, nitainua mkono."